Ukitaka kitu cha analogi, anza na kalamu

Instax Mini Evo ya Fujifilm ina wenzo mdogo wa kuvuta, mfano wa ule uliosogeza mkanda kwenye kamera za zamani. Ukiuvuta, hakuna mkanda unaosogea. Kamera ni ya dijitali, na wenzo unaiamuru ichape picha iliyokwisha kuhifadhiwa. Karatasi ndiyo ya kweli. Kamera yenyewe imevaa tu nguo za babu.

Soko la vitu vya analogi, yaani visivyo vya dijitali, limejaa nguo hizo, kwa hiyo nimevipanga vitu vinne kwa kipimo kimoja: ukivua urembo na hadithi za chapa, kinabaki nini mkononi, na kikiharibika kinatengenezeka?

1. Kalamu ya wino na daftari. Hapa sina shaka. Lamy Safari imekuwa sokoni tangu 1980 na umbo lake halijabadilika sana. Nibu, yaani ncha ya kuandikia, ikipinda unaichomoa na kuweka nyingine, na ukiongeza kifyonza wino unajaza kutoka kwenye chupa. Mwandiko wako ukiwa mdogo, chukua nibu nyembamba, yenye alama ya F.

Kwenye daftari uwe macho. Moleskine ilizaliwa Milan mwaka 1997, ikajitangaza kuwa mrithi wa daftari la akina Hemingway, mwandishi, na Picasso, mchoraji. Neno "mrithi" limebebeshwa mzigo hapo, maana Hemingway alifariki 1961. Kilichorithiwa ni sura: jalada jeusi, kona za mviringo, mpira wa kufungia. Kwa penseli linafaa sana, ila wino wa kalamu hii huelekea kupenya hadi upande wa pili. Daftari lolote lile, omba kuandika mstari mmoja kisha geuza ukurasa kabla ya kulipa. Lililoshonwa kwa uzi hudumu kuliko la gundi tupu.

2. Saa ya mkono isiyo na betri. Mishale isikudanganye. Saa nyingi za mishale zinaongozwa na kwatzi, kijiwe kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde kwa nguvu ya betri. Seiko ndiyo iliyoziingiza sokoni mwaka 1969. Na hizo ndizo zinazoshika majira vizuri zaidi! Saa ya springi hukosea sekunde kadhaa kila siku, kwa hiyo anayetaka usahihi anunue ya betri bila haya. Anayetaka mashine atazame mshale wa sekunde: ukiruka mara moja kwa sekunde, kwa kawaida ni betri. Kisha aulize kama fundi anaweza kuifungua. Sistem51 ya Swatch ni ya springi kweli kweli, vipande 51, lakini imezibwa moja kwa moja. Ikifa, imekufa.

3. Kicheza santuri. Technics SL-1200 ilitoka 1972, ikasimamishwa 2010, ikarudi 2016 kwa sababu wapenzi wake hawakukubali kuiacha. Si lazima ununue hiyo. Tafuta chenye sindano ya kubadilishwa na mkono unaorekebishika uzito. Vile vya sanduku vyenye spika ndani mara nyingi havirekebishiki, na sindano nzito hukwangua santuri. Santuri nyingi mpya zilirekodiwa kidijitali, kwa hiyo usilipie ziada kwa neno "analogi" lililoandikwa kwenye jalada.

4. Kamera ya Polaroid. Kampuni ilitangaza kuacha kutengeneza filamu mwaka 2008, na wachache wakakiokoa kiwanda kilichokuwa Uholanzi. Kemia ni ya kweli, nayo picha hujitokeza taratibu machoni pako. Tatizo ni kwamba pakiti ina picha 8 tu, na aliyefumba macho naye amekula karatasi. Kwenye sherehe ya watoto, nakiri, ningebeba Evo na wenzo wake wa maonyesho, nichague kwanza ndipo nichape.