TAHADHARI: Huyu anayeuza brashi za Kolinsky mtandaoni ni tapeli

Wakuu, yule jamaa anayejitangaza kuwa ana "brashi orijino za Kolinsky kutoka Uingereza", zile brashi za singa za mnyama tunazopakia rangi modeli, msimpe hata shilingi. Kanipiga sh 105,000 kwa brashi tatu, saizi namba 000, 0 na 1, na hapa naandika mikono inatetemeka kwa hasira.

Tulikutana Kariakoo mchana kweupe. Akatoa brashi kwenye mfuko wa shati, akamimina maji kwenye kifuniko cha chupa, akaichovya na kuikung'uta mara moja. Ncha ikajikusanya ikawa kama sindano. Akashika kidole gumba changu, akapitisha brashi kwenye ukucha, ukabaki mstari mwembamba wa maji ulionyooka. Akaikandamiza ikapinda, alipoinua ikasimama tena. Nikasema hii ndiyo yenyewe. Ile brashi akairudisha mfukoni kwake, mimi akanipa tatu nyingine zilizofungwa kwenye nailoni, kila moja na kofia yake ya plastiki. "Kaka, usizifungulie hapa, vumbi hili litaziharibu." Mtu anayeonea huruma brashi kiasi hicho utamshuku kwa lipi?

Na alikuwa anajua mambo, hilo ndilo linaloniuma. Kaniambia rangi isipande mpaka kwenye bati linaloshika singa, kwa sababu ikikaukia mle singa zinatanuka na ncha haifungi tena. Brashi isiachwe kichwa chini kwenye kikombe cha maji. Ioshwe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, ncha irudishwe kwa vidole, kisha ilazwe ikauke. Kazi ya kusugua rangi kavu tutumie brashi za bei rahisi, hizi tuzitunze kwa macho ya visanamu vya marubani na mistari. Yote kweli tupu! Hata historia anayo: brashi za Kolinsky za Series 7 za kampuni ya Winsor & Newton zilianza mwaka 1866 kwa agizo la Malkia Victoria, na singa zake ni za mkia wa mnyama wa Siberia wa jamii ya kicheche. Bei nayo haikuwa ya kutupa, kwa hiyo hakuna cha kusema eti nilifuata cha bure.

Nikafika nyumbani, nikaweka mezani ile modeli yangu ya ndege ya vita Spitfire, zilibaki kupakwa rangi fremu za kioo cha rubani tu. Namba 000 kuilowesha, ncha ikagawanyika mbili. Nikadhani ni gundi ya kiwandani, maana brashi mpya hupakwa gundi kulinda ncha. Nikaosha taratibu, ikazidi kuchanua. Nilipogusa fremu ikatoka mistari miwili, rangi ikatapakaa kwenye kioo, na singa mbili zikanasia humo humo. Maandishi ya dhahabu ya kwenye mpini yakahamia kwenye kidole changu. Nikachoma unywele mmoja kwa kiberiti: ukayeyuka, ukawa kidonge kigumu, harufu ya plastiki. Singa ya mnyama hunuka nywele zilizoungua na majivu yake husagika.

Nikampigia. "Bosi, labda hujui kuitumia." Mimi niambiwe hivyo! Baada ya hapo namba yangu kaifungia.

Sina ugomvi na brashi za nailoni, ninazo nyingi na zinanisaidia. Uza nailoni kwa jina la nailoni. Huyu anastahili kushikwa na kufunguliwa kesi, hela za watu azirudishe, na hizo brashi zake zichomwe moto mbele yake. Kuna vijana wanajichanga miezi wapate brashi moja ya maana, halafu anawapa takataka hizi!

Ukikutana naye: bati la brashi zake lina mshono ubavuni, orijino halina. Anakataa usifungue. Anayoijaribu siyo anayokupa. Lazimisha ilowekwe ile ile unayoondoka nayo, kabla hujatuma hela. Jina la akaunti anabadilisha, picha ni zile zile.

Namba yake ya simu nimeshaituma 15040, namba ya kuripoti matapeli, na wengine tumeni. Kama na wewe kakuuzia, usizitupe brashi wala usifute meseji za muamala. Njoo inbox, Jumatatu asubuhi naenda kituo cha polisi Msimbazi, twende pamoja.