Kishikio cha dirisha: chenye ufunguo au cha kawaida?

Kishikio kikianza kuchezacheza, inua kifuniko chake, kaza skrubu zilizo chini. Huenda kimelegea tu. Kikizunguka bure hata baada ya hapo, huenda kimelika, kibadilishe.

Cha kawaida hakina mengi: unageuza, dirisha linafunguka, hata usiku moshi ukiwa umejaa chumbani. Chenye ufunguo humzuia mtoto asifungue dirisha la ghorofani, na mwizi aliyevunja kioo hawezi kupenyeza mkono akageuza. Kero yake ni huo ufunguo: ukipotea, umejifungia mwenyewe. Mimi ningekiweka madirisha ya chini na chumba cha watoto, ufunguo ukiwa karibu ila juu ya kimo chao. Kwingine, cha kawaida chatosha.

Vyote vina mtego mmoja, nao ni ule mhimili wa mraba unaoingia kwenye fremu. Mara nyingi unene wake ni milimita 7, lakini urefu hutofautiana. Ng'oa cha zamani, pima sehemu ya mhimili iliyochomoza nyuma ya bamba la kishikio, ndipo ununue. Mfupi hautashika kitu. Mrefu utazuia bamba lisikae sawa kwenye fremu. Pima pia umbali kati ya matundu ya skrubu.