Boksi la nyungunyungu 500: kwenye mboji safi sana, kwenye nyasi mmenipiga

Nyota tatu kati ya tano, na kabla hamjanirukia ngoja nieleze, maana minyoo wenyewe hawana kosa lolote, kosa ni la yule aliyeandika maneno ya kwenye boksi.

Picha ya boksi inaonyesha nyungunyungu mnene anachungulia kwenye nyasi za kijani kama zulia, chini yake maelekezo: mwaga kwenye nyasi, mwagilia maji, subiri. Sasa nyasi zangu zilikuwa zimechoka, udongo umeshikana kiasi kwamba ukichoma bisibisi inaingia nusu halafu inagoma, nikasema potelea mbali ngoja nijaribu. Mzigo umefika vizuri, hapo siwaonei, minyoo wazima kabisa, wamefungwa kwenye mfuko wa kitambaa na boksi lina matundu ya hewa. Nikasubiri jua lizame nikamwaga, nikanyunyizia maji. Kwanza walijikunja fundo moja, baadae wakaanza kutawanyika, ila sio kwenda chini kama nilivyotegemea, wanatambaa juu juu tu kama abiria waliopotea stendi. Asubuhi natoka nje nakuta ndege wamejaa, wanadonoa bila hata kugombana maana kilikuwepo cha kutosha, na wengine nimewaokota kwenye simenti pembeni wamekauka kama nyuzi.

Nikawaandikia wauzaji, yule dada wa huduma kwa wateja akanijibu "pole sana mpendwa, ongeza maji". Haya.

Kumbe ndani ya boksi kuna aina moja na kwenye picha kuna aina nyingine kabisa! Waliokuja ni wale wembamba wekundu wenye pete pete za njano, wataalamu wanawaita Eisenia fetida, na hawa maisha yao ni juu, kwenye samadi na majani yanayooza, kuchimba udongo mgumu sio kazi yao. Kumpa huyu nyasi akalime ni kumkabidhi mvuvi jembe. Yule mnene wa kwenye picha ndo mchimbaji, Lumbricus terrestris, tundu lake linaweza kwenda chini mpaka mita mbili, usiku anatoa kichwa anakamata jani anaburuta ndani. Huyo anazaana taratibu, ndo maana wauzaji wengi wanakimbilia wekundu.

Bahati nzuri nilibakiza kama konzi mbili kwenye mfuko, nikawatupia kwenye pipa la mboji. Aisee. Hapo ndo nyota zote tatu zimetoka. Maganda ya mboga, majani makavu, karatasi zilizochanwa, vyote wanasaga, na baada ya muda ukipekua unaona vifuko vidogo vya mayai vyenye umbo la limau, vya njano njano, kila kimoja kinaweza kutoa watoto kadhaa. Ile mbolea inayotoka chini ni nyeusi, inavunjika vidoleni, inanuka kama ardhi iliyonyeshewa, haina uvundo. Tahadhari moja tu, wanapumua kwa ngozi kwahiyo pipa likikauka wanakufa, na likijaa maji wanatoroka.

Turudi kwenye nyasi. Nikaacha kununua chochote. Nikikata nyasi mabaki nayaacha palepale, nikatandaza mboji nyembamba juu, basi. Msimu wa mvua ulivyokolea vile vijivima vya udongo vikaanza kujitokeza, yaani wenyeji walikuwepo siku zote, walikuwa na njaa tu. Nimechimba shimo la sentimita 30 kwa 30 nikahesabu kumi na mmoja, na inasemwa kwamba kuanzia kumi hivi kwa eneo hilo udongo uko vizuri. Bisibisi sa hivi inazama mpaka kwenye mpini.

Ila nisiwadanganye, hao wachimbaji wana kero zao. Vile vijivima ni kinyesi chao, ukikanyaga vikiwa vibichi vinapakaa kama plasta, nyasi za chini zinafunikwa, visu vya mashine vinaisha makali, na mbegu za magugu zinapata pa kuotea. Mwaka 1881 Charles Darwin aliandika kwamba sehemu nyingi za Uingereza tani zaidi ya 10 za udongo kwa ekari zinapita matumboni mwao kila mwaka, kwahiyo usishangae uwanja kuota vipele. Ukiwa na uwanja wa gofu hiyo ni hasara ya kweli. Kwangu mimi ni ufagio tu, nasubiri vikauke, nafagia vinasambaa vyenyewe, na mashine nimeipandisha ikate juu kidogo. Sumu sitaki hata kuisikia, zamani watu walimwaga klodeni kuwaua na ikaja kupigwa marufuku, Marekani ilikuwa 1988.

Na kwenye bustani ya mboga wasaidie wakusaidie. Kuna uchambuzi wa tafiti nyingi wa 2014 ulikuta palipo na nyungunyungu mavuno yanazidi kwa wastani wa asilimia 25, ila faida yenyewe inatokana zaidi na naitrojeni wanayoifungua kwenye mabaki ya mimea, kwahiyo kama shamba umelifagia jeupe au umejaza mbolea ya chumvichumvi usitegemee miujiza.

Kitu kingine ambacho boksi halisemi: usimwage waliobaki msituni. Misitu ya kaskazini mwa Marekani ilikaa bila nyungunyungu tangu ile barafu ya zama za kale iyeyuke, walioletwa na watu sasa wanakula lile zulia la majani mpaka miche inakosa pa kushika. Wabaya zaidi ni wale wa Amynthas, ukimgusa anajirusharusha kama nyoka, mkanda wake mweupe umezunguka mwili mzima, udongo anauacha chengachenga kama kahawa iliyosagwa. Ukimkuta kwenye boksi usimwage popote.

Kwahiyo ukiwa na pipa la mboji nunua. Wakibadilisha ile picha nitaongeza nyota ya nne.