Altrasaundi, CT na MRI ya ini: nimepitia zote tatu

Nina homa ya ini B. Niliijua mwaka 2014 nilipokwenda kuchangia damu. Ini limeshaanza kuwa na makovu, kwa hiyo kila miezi 6 napigwa altrasaundi na kupimwa AFP kwenye damu (protini ambayo mara nyingi hupanda mtu akiwa na saratani ya ini).

Altrasaundi naipenda. Haina mionzi, bei inavumilika. Unapakwa jeli ya baridi, unalalia ubavu wa kushoto, unazuia pumzi, robo saa umemaliza. Ila yenyewe inashtua tu. Mwaka jana ilionyesha kivimbe cha sentimita 1.8, lakini ni kivimbe cha nini haikuweza kusema. Kwa mwenye kitambi au ini lenye makovu mengi, kidogo kama hicho kinaweza kisionekane kabisa. AFP yangu ilikuwa ya kawaida. Hilo lisikutulize, kuna wenye saratani ya ini ambao AFP yao haipandi.

Kwenye CT, ile ya eksirei na kompyuta, ndipo nilipoumia. Nilichomwa mshipani dawa ya kung'arisha picha, joto likanishuka hadi kwenye kinena (ni kawaida, usiogope), picha ikapigwa mara moja, basi. Majibu: "uvimbe, aina haijulikani". Daktari wangu wa ini alipoiona alisikitika sana. Akanieleza kwamba ini hupata kama robo tatu ya damu yake kwenye mshipa mkubwa unaotoka kwenye utumbo, ila uvimbe wa saratani ya ini hulishwa zaidi na ateri (mshipa unaoleta damu kutoka moyoni). Dawa ikipita kwenye ateri, sekunde za mwanzo, uvimbe unawaka kuliko ini. Dakika chache baadaye unafifia, ini linabaki linang'aa. Kwa mtu wa hali yangu, kuwaka na kufifia huko kunaweza kutosha kuthibitisha saratani bila kukatwa kipande cha ini cha kwenda kupimwa. Sasa picha moja itaonyeshaje hayo? Nililipa na nikala mionzi bure.

CT ya awamu zote, yaani picha kadhaa kwa nyakati tofauti baada ya dawa, ni kipimo kizuri, na kwa anayehema kwa shida naona inamfaa kuliko MRI (mashine ya sumaku) kwa sababu ni ya haraka. MRI ilinichukua kama dakika 40. Mashine inagonga kama nyundo hata ukizibwa masikio, na kila baada ya muda dada wa chumba cha pili anasema, "Vuta, toa, zuia." Nilikuwa nahesabu moyoni hadi 18. Ukipumua katikati, picha inachafuka. Iliniuma mfukoni, lakini haina mionzi, na kwa vivimbe vya chini ya sentimita 2 inaona vizuri zaidi. Changu kiliwaka, kikafifia, nikakiona mwenyewe kwenye skrini. Wiki 5 baadaye nilifanyiwa upasuaji.

Kama umeandikiwa CT ya ini, ndugu yangu, kabla ya kulipa uliza dirishani: "Mnapiga awamu ngapi?" Wakikuambia moja, chukua fomu yako urudi kwa daktari. Na damu ya kuangalia figo ipimwe kabla ya hiyo dawa. Mimi nilikumbushwa nikiwa tayari nimevua shati.