TAHADHARI: huyu muuza picha za ukutani msimtumie pesa

Assalaam aleikum jamani, hasa nyie mnaopamba nyumba. Kuna mtu anauza printi za picha za wachoraji wakubwa wa kisasa, anasema duka lake liko Mji Mkongwe, mara Shangani mara Kiponda, mie nimelizunguka siku mbili silioni.

Nilikuwa naitaka ile Several Circles ya Kandinsky ya 1926, ina weusi nyuma na duara kubwa la buluu, nimeipenda miaka na haina sura ya kiumbe kwa hiyo hata mama hakuwa na neno kuiweka ukumbini. Akanambia laki na themanini, kanvasi nzuri, wino haupauki, nikarusha pesa yote kwa simu siku ile ile.

Imekuja baada ya wiki tatu. Picha ya asili iko makumbusho ya Guggenheim, New York, ni ya mraba, kama sentimita 140 kila upande, mie nimeagiza 70 kwa 70 yeye kaniletea 60 kwa 80, kaivuta tu kwenye kompyuta mpaka ijae, maduara yote yamekuwa mayai! Na picha nzima ni maduara, hakuna kitu chengine. Ukisogea karibu kingo zimekaa ngazi ngazi, yaani kachukua kipicha kidogo cha intaneti akakikuza. Hiyo kanvasi ni plastiki ya mabango ya barabarani, nimepitisha kitambaa kibichi kwenye kona kikatoka na buluu.

Kilichonikera zaidi kaambatisha karatasi eti printi imetiwa saini na mchoraji mwenyewe. Kandinsky kafa 1944! Nilipomuuliza akanibloki.

Ukitaka printi kwa mtu yeyote, angalia kwanza vipimo vya picha ya asili, makumbusho huviandika kwenye tovuti zao, kama uwiano wa upana na urefu si ule ule ujue imekatwa au imevutwa. Muulize wino wa pigimenti, ule usiopauka upesi, au wa kawaida, karatasi ya pamba au nini, anaeijua kazi yake hababaiki. Mwambie akupigie video aisogeze simu karibu kabisa na kona, na pesa umpe mzigo ukishaushika.

Jana kabadilisha jina la ukurasa kaweka tangazo jengine, ukuta ule ule, picha nyengine, na chini watu washaanza kuuliza bei. Msitume.