Reli ipi ununue kwanza kwa treni ndogo za nyumbani: kuanzia iliyo bora hadi ya kuepuka

Wengi wanaoanza kujenga reli ndogo nyumbani hununua kichwa cha treni kwanza, kisha pesa iliyobaki ndiyo inayotafutiwa reli. Nawasihi mpindue mpangilio huo. Kichwa cha kawaida kwenye reli nzuri kitazunguka mchana kutwa. Kichwa cha bei ghali kwenye reli mbovu kitasimama kila kiungio, na mtoto aliyevuta kiti aje kutazama atarudi kwenye televisheni. Umeme unaoendesha treni hizi, kwa kawaida volti 12, unapita kwenye reli zenyewe na kupanda kwa magurudumu hadi kwenye mota. Kwa hiyo unaponunua reli unanunua na waya humo humo.

Kabla ya majina, tazama metali. Chagua nikeli-silva, mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki ambao, licha ya jina, hauna fedha hata chembe. Nayo huchafuka, ila umeme unaendelea kupita vizuri. Kwa sisi tunaoishi karibu na bahari hilo ndilo la kwanza. Niliwahi kununua katoni nzima ya reli kuukuu za shaba ya manjano kwa sababu ya bei. Ikaingia masika. Jumamosi nilizisugua kwa raba zikang'aa kama pete, Jumamosi iliyofuata zilikuwa zimefifia, na treni ikawa inakwenda kwa kushtukashtuka. Katoni ile bado iko juu ya kabati.

Ya kwanza: Kato Unitrack. Ni reli za Kijapani zilizokaa juu ya kitako cha plastiki cha rangi ya kijivu chenye sura ya kokoto. Unapachika kipande kwa kipande hadi usikie mlio wa kujifunga, na zikishafungwa hazilegei hovyo. Kipande kilichonyooka cha kipimo cha N, yaani treni ndogo zenye upana wa reli wa milimita 9, kina urefu wa milimita 248. Kiungio kikichoka unakichomoa na kuweka kipya bila kutupa kipande chote. Uzuri wake mkubwa ni kwamba leo unaweza kujenga sebuleni, kesho wageni wakija ukavunja na kurudisha kwenye boksi, na keshokutwa ukajenga umbo jingine. Kwa mtu anayepanga nyumba, au asiye na chumba cha ziada, sijaona inayoishinda. Kwenye njia za kuchepuka, nunua namba 6 badala ya namba 4 ikiwa nafasi inaruhusu: mchepuo wake ni mpole, na mabehewa marefu hayaachi njia kirahisi.

Ya pili, na kwa mwenye meza ya kudumu naiweka ya kwanza: Peco Streamline kutoka Uingereza. Hizi zinakuja kwa urefu wa milimita 914, yaani yadi moja, na zinapinda kama unavyotaka. Kona inaanza taratibu kama reli ya kweli, si kama kipande cha duara kilichokatwa kiwandani. Kazi ipo lakini. Ukishapinda, reli ya upande wa ndani inajitokeza mbele ya mwenzake, na lazima uikate kwa msumeno wa meno madogo kisha uilainishe ncha kwa tupa; ukiacha kijino pale, gurudumu litakipata tu. Kama kiungio kitaangukia kwenye kona, lehemu vipande viwili vikiwa bado vimenyooka, ndipo upinde. Kwa HO na OO, vipimo vikubwa kuliko N, kuna kodi 100 na kodi 75 (“code” kwa Kiingereza), na tarakimu hizo ni kimo cha reli: milimita 2.54 na 1.9. Kodi 75 inapendeza zaidi machoni. Mwenye vichwa vya zamani vyenye magurudumu ya ukingo mrefu achukue kodi 100, kwa sababu ukingo huo unaweza kugonga mataruma.

Ya tatu ni Bachmann E-Z Track, nayo ina kitako. Angalia rangi kabla ya kulipa: kitako cha kijivu kina reli za nikeli-silva, cheusi kina za chuma kinachoshika kutu haraka hewani kwetu. Kona yake ya kawaida ya HO ina nusu-kipenyo cha milimita 457, hivyo duara zima linaenea kwenye plaiwudi moja ya futi 8 kwa 4.

Märklin C siipangi kwenye foleni hii. Ni imara sana, ila inachukua umeme kwa vinundu vilivyo katikati ya mataruma, na vichwa vya kawaida, vinavyochukua umeme kwenye reli mbili, havitembei juu yake. Ukiingia huko, ingia moja kwa moja.

Ya mwisho ni chochote kilichotumika cha shaba ya manjano au chuma. Acha.

Wapenzi wa reli yetu ya kale wana njia yao. Zile injini za mvuke 34 aina ya Garratt za daraja la 59, zilizojengwa na Beyer, Peacock wa Manchester na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, zilitembea kwenye reli ya mita moja. Nambari 5918, Mount Gelai, bado imesimama kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Kwa uwiano wa 1:87, reli ya milimita 12 ndiyo inayokaribia upana huo, na Peco wanayo.

Reli yoyote utakayochukua, nunua na waya wa kutosha. Viungio havibebi umeme milele. Kwenye meza yangu kila reli ya yadi ina jozi yake ya waya, iliyolehemiwa upande wa nje wa reli ili isiguse gurudumu, na tangu hapo treni haipungui mwendo upande wa mbali.

Mkiagiza kutoka nje, someni pia nyuma ya kifaa cha umeme. Cha soko la Japani kinataka volti 100, cha Marekani 120. Tundu la ukutani Tanzania linatoa 230 na la Kenya 240, na kukichomeka hivyo hivyo ni kukiunguza siku ya kwanza.