Kadi ya mkopo kwa mtu wa Tanga, nimeitumia mwaka na ushee na haya ndo niliyoyaona

Nimeulizwa sana dukani kuhusu hii kadi, mtu akisikia naagiza mzigo China swali la kwanza ni we unalipaje, basi naandika hapa yote, akija mwingine namtumia asome. Mie nauza vifaa vya kuokea, mabati ya keki, nozo za kupambia, rangi, maboksi, duka lipo Ngamiani kwenye hizi barabara zetu za namba. Kadi niliichukua mwaka juzi mwezi wa 11 kwenye benki moja hapa mjini, jina naliacha maana mengine nitakayosema si mazuri na sitaki kesi na mtu.

Kwanza tuelewane maana watu wengi wanachanganya. Ile kadi uliyopewa ulipofungua akaunti, unayotolea hela ATM, ile ni hela yako mwenyewe, ukilipa laki inakatwa laki palepale kwenye akaunti, haipo imekwisha. Hii ya mkopo hela ni ya benki, wanakulipia wao alafu mwisho wa mwezi wanakuletea stetimenti ya unachodaiwa. Kwa macho ni rahisi kuzichanganya, zote zimeandikwa Visa au Mastercard, zote zina chipu, nina mteja wangu alikaa nayo miezi akijua ni kadi ya kawaida na anashangaa mbona salio la akaunti halipungui.

Kuipata haikuwa rahisi. Mwenye mshahara unaopita benki anapewa bila tabu sana, ila sie wa biashara wanataka uweke hela ya dhamana, mie niliweka milioni 2 zikafungwa ndo wakanipa limiti, yani mwisho wa kukopa, ya milioni 1 na nusu. Na kila mwaka wanakata 60,000 utumie usitumie. Kwahiyo kabla hujaanza piga hesabu hiyo, una hela yako milioni 2 imelala haifanyi kazi.

Sasa kwa hapa Tanga unaitumia wapi? Ukweli ni kwamba karibu hakuna. Ukienda Deep Sea asubuhi kuchukua changu au kibua utatoa noti, mchuuzi mkono umelowa maji ya samaki na mizani imening'inia, nani ana mashine ya kadi pale? Soko la Mgandini noti, bodaboda noti, daladala ya kwenda Kange noti na uwe na chenji. Madukani ni lipa namba, na hiyo imeshika kweli maana simu kila mtu anayo, M-Pesa tunayo tangu 2008 na hata bibi yangu anajua kupokea. Tozo ya miamala ilipokuja Julai 2021 wengi tulirudi kwenye noti kabisa, mie mwenyewe nilikuwa naficha hela kwenye kopo la unga, ila watu wamerudi tena kwenye simu taratibu. Mashine za kadi nimezikuta hotelini kule Raskazone, kwenye supamaketi, na kwa mafuta sehemu moja mbili. Na kuna duka nilifika kulipa mtu ananambia ukilipa kwa kadi naongeza asilimia kidogo, basi nikatoa noti zangu nikaondoka.

Kwahiyo usiichukue kwa ajili ya kulipia vitu vya mjini hapa, utakuwa unalipia 60,000 za bure.

Inakotusaidia sie ni onlaini. Na hapa lazima niseme kilichonitoa kwenye kadi ya kawaida. Zamani nilikuwa naagiza kwa ile kadi ya akaunti, akaunti yenyewe ndo ya duka, hela yote ya mzigo imo mule. Siku moja nimelipia oda ya dola 140 ikakatwa mara mbili. Mara mbili! Nimeenda benki nimejaza fomu, wakanambia subiri wiki mbili, ikawa sita, na muda wote huo hela iliyotoka ni YANGU, ndo hela ya kununua mzigo wa Idi, wateja wanakuja wananikuta sina mabati ya inchi 8, wanaenda kwa jirani. Ilirudi, ndio ilirudi, ila Idi ilishapita.

Na mara nyingine Dar, hoteli walizuia hela kwenye kadi yangu kama dhamana ya chumba, nimetoka asubuhi nimeshalipa kila kitu lakini ile waliyozuia ilikaa siku kadhaa ndo ikaachiwa. Nimesimama Kariakoo na hela ipo kwenye akaunti naiona na siwezi kuigusa. Kwa kadi ya mkopo wakizuia wanazuia limiti, hela yako ya mboga ipo palepale.

Kwahiyo mwaka jana mwezi wa 6 nilipoagiza nozo seti 30 zimeandikwa stenlesi alafu zikaja za bati laini, ukiminya mfuko wa krimu zinapinda, nilikuwa na kadi ya mkopo. Muuzaji hajibu. Nikaenda benki na skrinishoti za tangazo, picha za nozo zilizopinda na meseji zangu zote nilizomwandikia, wakafungua malalamiko kupitia Visa, hiyo haki ya kupinga malipo ipo na watu hawaijui. Ilichukua kama miezi miwili na hela ikarudi, ila safari hii wakati nasubiri duka lilikuwa linaenda kwasababu iliyobishaniwa haikuwa hela yangu. Hapo kadi niliipenda kwa dhati. Kadi ya kawaida nayo ina haki ya kupinga, sisemi haina, tofauti ni nani anakaa bila hela mkisubiri. Ila usichelewe, kuna muda wa mwisho wa kulalamika, na tunza kila kitu kilichoandikwa.

Haya tuje kwenye uchungu.

Januari ya kwanza na hii kadi, mnajua Januari, ada za watoto wawili, sare, madaftari, na duka Januari halina mtu maana harusi zimeisha watu hawana hela. Nina kadi ina milioni 1 na nusu ndani, nikaona si ipo. Tarehe 15 nikaenda ATM nikatoa 600,000 cash nikalipa ada. Hakuna aliyenambia na mie sikuuliza. Tarehe 10 Februari ikaja stetimenti, nakumbuka nilikuwa nimeiweka kwenye meza ya kupimia unga nimeshika kalkuleta, napiga mara tatu nadhani mashine ina kosa. Ada ya kutoa cash asilimia 4, 24,000. Riba asilimia 3 kwa mwezi, ila wanaihesabu kila siku, kwa ile 600,000 ni kama 600 kwa siku, siku 26 ni 15,600. Jumla 639,600. Nikapiga simu nikasema lakini mliniambia siku 45 hazina riba, yule dada akanijibu kwa upole kabisa, "mama, hizo siku ni za manunuzi, ya kutoa kwenye ATM haina siku za bure, inaanza siku hiyohiyo."

Haijaisha. Chini ya stetimenti wameandika kiasi cha chini cha kulipa 63,960, yani asilimia 10. Nikaona wamenihurumia, nikalipa hiyo. Jamani. Huo ndo mtego wenyewe, maana 575,640 iliyobaki inaendelea kuzaa asilimia 3, mwezi unaofuata ni zaidi ya 17,000 imeongezeka. Nimekuja kukaa nikapiga hesabu, ningeendelea kulipa asilimia 10 tu kila mwezi, baada ya mwaka mzima bado ningedaiwa zaidi ya laki 2 na 30, kwa ada ya shule ya muhula mmoja! Na lingine lililoniumiza zaidi, mwezi huohuo niliagiza mabati ya 180,000 nikijua nina siku zangu 45, kumbe ukibaki na deni la mwezi uliopita, kwa masharti ya benki yangu zile siku za bure zinafutwa hata kwa unachonunua kipya, riba inaanza siku ya kwanza. Imeandikwa kwenye mkataba, ukurasa wa nyuma, nimeusoma baadaye.

Ami yangu alikuwa akinambia tangu nafungua duka, kukopa harusi kulipa matanga, nilimsikia lakini sikuwa nimemwelewa. Nililimaliza deni lile mwezi wa 4 kwa hela ya mchezo wa akina mama wa mtaani, zamu yangu ilipofika nikapeleka yote benki, kitenge nilichokipania sikununua.

Tangu hapo nimejiwekea namna yangu na sijalipa riba hata shilingi. Nikilipa kitu kwa kadi, jioni ileile natoa kiasi kilekile kwenye hela ya duka naweka kwenye kibubu. Sio kesho, jioni ileile. Kama jioni hiyo hela ya kuweka haipo, maana yake kile kitu sikuwa na uwezo nacho na nisingenunua. Tarehe ya kulipa ni 25, mie tarehe 20 navunja kibubu naenda kulipa yote, YOTE, sio ile ya chini. Unaweza kuuliza sasa kama hela unayo si ulipe kwa hela yako tu? Nimeshasema, ni ile kinga ya onlaini, na ule muda. Nao huo muda muuelewe, wanasema "hadi" siku 45, sio siku 45. Stetimenti yangu inafungwa tarehe 10, nikinunua tarehe 11 nina mpaka tarehe 25 ya mwezi unaofuata, hizo ndo siku 45 kamili, ila nikinunua tarehe 9 nina siku 16 tu. Mzigo mkubwa naagiza tarehe 11 au 12, mara nyingi unakuwa umeshafika na nimeshaanza kuuza kabla ya kulipa.

Kitu kingine, ukinunua kwa dola benki wanabadilisha kwa bei yao na wanaongeza asilimia yao juu, kwahiyo ukiona kitu dola 100 usipige kwa bei ya dola uliyoisikia redioni, weka nyongeza. Hiyo ipo kwa kadi zote mbili.

Jirani yangu duka la pili la vitambaa hataki kabisa kuisikia hii kadi, anasema mkataba wenye kipengele cha riba hausaini hata kama hatailipa hiyo riba, na mie namheshimu kwa hilo, ni dini yake na yangu pia na nimeumia nalo moyoni. Yeye amefungua akaunti ndogo ya pembeni, ina kadi ya kawaida, akitaka kununua onlaini anahamisha kiasi kilekile tu kutoka kwenye simu, akiibiwa anaibiwa hicho kidogo. Kwa mtu anayeagiza mara moja moja njia hiyo nadhani ni nzuri kuliko yangu, haina ada kubwa ya mwaka wala hela ya dhamana kufungwa. Na ile kadi ya onlaini ya kwenye simu ya M-Pesa nayo inafanya kazi hivyohivyo, unaweka unachotaka kutumia.

Hizi za usalama nazisema haraka: zile namba tatu za nyuma ya kadi usizipige picha ukamtumia mtu, ile namba ya siri ya kwenye meseji hakuna mfanyakazi wa benki anayeiomba, na ukiwa mgahawani mwambie mhudumu alete mashine mezani, kadi isiondoke machoni pako. Na ukichelewa kulipa, taarifa inaenda kwenye ofisi za taarifa za mikopo zenye leseni ya Benki Kuu, siku unataka mkopo wa maana kwenye benki nyingine wanaiona.

Kwa huduma yenyewe ya benki yangu, malalamiko yanashughulikiwa ila lazima uende mwenyewe, kwenye simu unazungushwa. Wafanyakazi wana adabu. Kasoro yao kubwa ni siku wanakupa kadi, wanakusainisha karatasi kumi hawakwambii habari ya ATM wala ya kile kiasi cha chini, dakika tano tu wangenieleza ningekuwa sijapoteza ile hela. Kwa anayeagiza mzigo kila mwezi kama mie na anaweza kuweka hela pembeni jioni ileile, nasema chukua. Kwa anayeitaka kwa sababu mwezi haufiki mwisho, nakuomba ndugu yangu usichukue, nakuomba kweli, hii kwa mtu wa namna hiyo ni kausha damu yenye plastiki.

Wiki iliyopita nimeandika barua waniteremshie limiti kutoka milioni 1 na nusu hadi laki 8, na ile dhamana iliyozidi wanirudishie niongezee mzigo. Wamesema siku 14, bado nasubiri.